Sigara zikikaa chini ya kaunta, duka langu litakufa?

SWALI: Habari yako daktari. Nina duka dogo hapa Kayole, la dirisha la wavu. Nauza unga, mkate, maziwa, sabuni, na sigara. Wifi yangu ana duka Kampala, na alipotutembelea Desemba alishangaa kuona pakiti za sigara nimezipanga mbele. Anasema kwao ukizipanga hivyo unashtakiwa, zinakaa chini ya kaunta kama bangi. Nataka kujua: kitu halali kinafichwa kwa nini? Tukibanwa hivyo hapa Nairobi, si wateja watahamia kwa jirani? Na si hapo ndipo wauzaji wa magendo watapata nafasi? Mimi sivuti na mume wangu havuti, lakini kijana wetu wa miaka 9 hukaa dukani jioni akifanya homuwaka na anazijua pakiti zote kwa rangi. Ukimtajia jina anakupa bila hata kuinua macho. Naomba jibu la ukweli, si la mahubiri. (Mama wa duka, Kayole)

JIBU: Mama wa duka, salamu nyingi. Kwanza, mimi si daktari. Nilikuwa afisa wa afya ya umma, yule mtu ambaye akitokea mtaani na faili kwapani, wenye hoteli huanza kutafuta vyeti na wenye bucha hukumbuka kufuta mizani. Miaka yangu mingi niliimalizia Eastlands nikichungulia madirisha ya wavu kama lako. Mahubiri niliyaacha zamani, maana sijaona duka hata moja lililobadilika kwa kuhubiriwa.

Wifi yako hakukudanganya. Uganda ilipitisha sheria yake ya kudhibiti tumbaku mwaka 2015, ikaanza kutumika Mei 2016, na muuzaji haruhusiwi kuonyesha bidhaa za tumbaku pale anapouzia. Alipotia chumvi ni hapo kwa bangi tu. Mteja wake akiwa na umri unaotakiwa, ambao kwao ni miaka 21 na si 18 kama kwetu, anaitisha sigara, anauziwa, anaenda zake.

Wala Uganda si ya kwanza. Iceland ilifanya hivyo mwaka 2001. Mwaka uliofuata jimbo la Saskatchewan kule Kanada likafuata, kampuni za sigara zikakimbilia mahakamani, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaiacha sheria isimame. Thailand ni 2005, Ireland Julai 2009, Norway Januari 2010. Uingereza ilianza na supermaketi Aprili 2012, na maduka madogo ya mtaani yakaongezewa miaka mitatu, hadi Aprili 2015, yajipange. Hoja ulizoniandikia, wenye maduka wa huko walizitoa zile zile: wateja watahama, magendo yatashamiri, kitu halali kinafichwa kwa nini.

Tuanze na hilo la uhalali, maana ndilo linalouma. Ukiingia duka la dawa, dawa kali ziko wapi? Ziko nyuma ya mfamasia, na hakuna anayesema zimefanywa haramu. Mafuta ya taa nayo ni halali, lakini sidhani umeyaweka ubavuni mwa mkate. Leseni yako inakuruhusu kuuza sigara. Kuipigia debe ni jambo jingine, na hilo lilifungwa zamani. Kenya iliidhinisha mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na Julai 2008 ikaanza kazi. Kama una umri wa kukumbuka, ndipo yalipoisha yale maduka yaliyopakwa rangi ya sigara kuanzia msingi hadi bati, mabango ya barabarani, fulana za bure na udhamini wa mashindano.

Sasa funga macho uwaze: redio hairuhusiwi, televisheni hairuhusiwi, bango haliruhusiwi, fulana hairuhusiwi. Mwenye kampuni amebakiwa na nini? Amebakiwa na dirisha lako. Novemba 2008, nchi zilizo kwenye mkataba ule zilikutana Durban zikakubaliana kuhusu miongozo ya Kifungu cha 13, kile kinachohusu matangazo, na humo wakaandika kwamba kuonyesha bidhaa ya tumbaku mahali pa kuuzia kwenyewe ni tangazo. Si bango lililo juu yake. Ni pakiti zenyewe, zilivyopangwa safu kwa safu, rangi kwa rangi.

Usiponiamini mimi, liulize kabati. Wengi niliowakuta na kabati la sigara la kioo hawakulinunua. Lililetwa na mtu wa kampuni au msambazaji, akaonyesha likae wapi, akaeleza ipi ikae juu na ipi ikae usawa wa macho, na akawa anapita kuangalia kama halijahamishwa. Je, kuna aliyekuletea kabati la unga? La chumvi? Unga nao unauzwa kila siku, lakini hakuna anayegharamia mahali utakapoupanga, kwa sababu mtu akiwa na njaa atauitisha tu.

Na mvutaji naye ataitisha tu. Yule makanga wa matatu anayepita saa kumi na moja alfajiri hata jina hataji. Ananyoosha sarafu, unampa, anaondoka. Hana haja ya kuonyeshwa kitu. Kwa hivyo ile safu ya pakiti haikupangwa kwa ajili yake. Imepangwa kwa ajili ya watu wawili wengine wanaosimama kwenye dirisha hilo hilo.

Mmoja ni yule anayejaribu kuacha. Unamjua, kila duka lina mmoja. Ametangaza nyumbani kwamba ameacha, sasa ana siku ya nne, ametumwa maziwa. Watafiti wa jimbo la Victoria, Australia, waliwauliza wavutaji na walioacha karibuni kuhusu jambo hili, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Karibu robo ya wavutaji walisema hujikuta wamenunua sigara wakati hawakuwa wameingia dukani kwa ajili hiyo, kwa sababu tu wameziona. Katika waliotoka kuacha, karibu thuluthi walipatwa na hamu walipoziona. Nimekaa na wanaume wa Dandora wakaniambia hayo hayo, ila wao hawakuhesabiwa na mtu.

Wa pili ni mtoto, na hapa naomba univumilie kidogo.

Ireland ilipoondoa sigara machoni mwaka 2009, watafiti waliwauliza vijana kabla na baada. Kabla, vijana 81 katika kila 100 walikumbuka kuona sigara zimepangwa dukani. Baada, walibaki 22. Hilo si la ajabu, kitu kimeondolewa hakionekani. La ajabu ni jingine. Waliwauliza pia: unadhani watoto wa rika lako wanaovuta ni wangapi? Kabla ya sheria, asilimia 62 walidhani wanaovuta wanazidi mmoja kwa kila watano. Baadaye waliodhani hivyo wakashuka hadi asilimia 46. Hakuna aliyewafundisha darasani. Ukuta wa pakiti ulikuwa ukiwaambia kila siku kwamba kuvuta ni kama kunywa chai, kila mtu anavuta, na ulipoondoka sauti ile ikapungua.

Linganisha na hapa kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta watu wazima wanaotumia tumbaku Kenya ni asilimia 11.6, yaani kama watu milioni 2.5. Wanaume ni asilimia 19.1, wanawake 4.5. Kwa maneno ya dukani, katika wateja wako wazima kumi, tisa hivi hawaigusi. Lakini mtoto anayesimama kwenye dirisha lako ataona nini mbele kabisa, usawa wa pua yake? Hataona kwamba tisa hawavuti. Ataona safu ya pakiti iliyonyooka kuliko kitu kingine chochote dukani, pengine ikiwa imepakana na chombo cha peremende.

Nisikudanganye kuhusu upande wa pili. Kule Ireland mauzo hayakuporomoka sheria ilipoanza. Wanaopinga husema: mnaona, haifanyi kazi. Mimi naona ndiyo habari njema kwako, mwenye duka. Mvutaji wa leo ataendelea kununua kwako kesho, iwe pakiti iko mbele au iko chini. Sheria ya namna hii haimlengi yeye, inalenga idadi ya wavutaji wa miaka kumi au ishirini ijayo, na haifanyi kazi peke yake. Huambatana na kodi, na picha za maonyo, na katazo la kuvuta ndani ya mabasi na baa. Atakayekuambia kwamba pazia moja litamaliza uvutaji Nairobi, mpe kiti akae, umpe na maji.

Wateja kuhamia kwa jirani: watahama ikiwa wewe umeficha na jirani hajaficha. Hapo una hoja, na ndiyo sababu sipendi jambo hili liachwe kuwa la hiari. Lakini likiwa la wote, jirani yako naye pakiti zake ziko chini, na mteja atachagua kwa kile anachochagulia siku zote, ambacho ni ukaribu, chenji, na kama unakopesha. Najua unachowaza: kanjo, askari wa kaunti. Kwamba kila katazo jipya ni mlango mpya wa chai, yaani hongo. Siwezi kubisha, nimeyaona. Ila angalia tofauti moja. Kukuthibitishia umemuuzia mtoto, afisa lazima akukute ukifanya hivyo. Kuona kama pakiti zimepangwa mbele, anapita tu barabarani na jibu liko wazi kwake, kwako na kwa majirani wote. Jambo linaloonekana na kila mtu ni gumu zaidi kulitengenezea kesi ya uongo.

Magendo nitayapitia haraka. Sigara za magendo huletwa na tofauti ya bei kati ya nchi na nchi, na mipaka yenye njia za panya. Anayeziuza hajawahi kuzipanga mbele, kwa hivyo katazo la kuzipanga halimpi kitu ambacho hakuwa nacho. Kinga yako wewe ni stempu ya ushuru. KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, ilianza mfumo wake wa stempu za kisasa mwaka 2013, na kuna programu ya simu, Soma Label, inayokuwezesha kupima stempu mwenyewe kabla ya kumlipa msambazaji. Itumie hata kama sheria haitabadilika kamwe, maana mzigo wa magendo ukikutwa kwako, atakayelala ndani si aliyekuletea.

Sasa nije kwa lililonifanya niandike jibu refu namna hii. Wataalamu wengi wanaozungumzia katazo hili wana picha ya duka la Dublin akilini: ukuta wa pakiti nyuma ya keshia, unafunikwa na milango myeupe, kazi imekwisha. Katika supermaketi zetu picha hiyo inafaa. Kayole haifai. Kayole sigara haionyeshwi kwa kabati pekee. Inaonyeshwa kwa pakiti iliyofunguliwa juu ya kaunta, vichungi vikichungulia. Inaonyeshwa kwa maganda matupu uliyoyabandika kwenye wavu ili watu wajue unazo. Inaonyeshwa kwa kile kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa uzi dirishani, ambacho hakuna mtaa wa Nairobi usiokijua. Na kule mjini inaonyeshwa kifuani mwa mchuuzi, kwenye katoni lililofungwa kamba shingoni, fegi upande huu, peremende na njugu upande ule.

Yote hayo yanatokana na jambo moja, kuuza moja moja. Sheria ya 2007 inasema sigara isiuzwe katika pakiti yenye chini ya sigara kumi. Wewe unajua, mimi najua, na aliyekuuzia jumla anajua, kwamba kifungu hicho kinavunjwa kila dakika kuanzia Githurai hadi Rongai. Sikulaumu wewe peke yako. Mteja wako hana hela ya pakiti, ana hela ya moja. Lakini fikiria maana yake. Mtoto wa shule hawezi kununua pakiti, na akiinunua ataificha wapi? Moja anaweza. Bei yake haimshindi aliyepewa hela ya andazi, anaiwasha kwa kiberiti chako hapo hapo, na haachi ushahidi.

Na kuna jambo ambalo wanaopinga katazo hulisema, na mimi nakubali kwamba lina ukweli. Pakiti zetu zina picha za maonyo, zile za mapafu na midomo iliyooza. Picha hizo zilipiganiwa. Kanuni za 2014 zilizozileta zilipingwa na kampuni ya sigara ya BAT kutoka Mahakama Kuu, wakashindwa. Mahakama ya Rufaa, wakashindwa. Hadi Mahakama ya Juu, ambayo nayo iliwakatalia Novemba 2019. Ukizificha pakiti, wanasema, umeficha na onyo. Kwa mtu anayenunua pakiti nzima hoja hiyo haina nguvu, maana picha anatembea nayo mfukoni na kuiona kila anapotoa sigara. Lakini kwa anayenunua moja moja, picha pekee atakayoiona ni ile iliyo dirishani kwako. Ikiondoka, na kuuza moja moja kukaachwa kama kulivyo, atakuwa anavuta sigara isiyo na onyo lolote maisha yake yote.

Kwa hivyo msimamo wangu, ambao wenzangu kadhaa hawaupendi: hapa Nairobi, kuficha pakiti bila kushughulikia moja moja ni kufunika sufuria huku moto unawaka. Yaende pamoja. Ikilazimu kimoja kitangulie, mimi ningeanza na moja moja, na ningeanzia kwa wasambazaji kabla ya kumfikia mama wa dirisha la wavu. Sheria tayari iko. Tumeacha tu kuisoma.

Kabla sijasahau, angalia pia vile vikopo vidogo vya mviringo vya nikotini, vya kuweka chini ya mdomo. Viliingia mwaka 2019 kwa jina la Lyft, Oktoba 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akaamuru viondolewe kwa kuwa vilisajiliwa kinyume cha sheria, kisha vikarudi kwa jina jingine. Havina moshi, vina ladha za matunda na mnanaa, na vinapendeza kaunta kuliko peremende za Patco. Mtoto akiviona hapo hana namna ya kujua si peremende. Mwaka 2024 Seneti iliwasilishiwa mswada wa kurekebisha sheria ili bidhaa kama hizi zibanwe pamoja na sigara. Wewe usiusubiri. Kama unavyo, vitoe karibu na peremende leo hii.

Umeniuliza duka litakufa? Fanya hesabu yako mwenyewe, usiichukue kwangu wala kwa mtu wa kampuni. Chukua daftari, mwezi mmoja andika faida ya sigara peke yake, faida, si mauzo. Mwezi wa pili zishushe chini ya kaunta. Huhitaji fundi wala mlango wa kuteleza, leso ya zamani na misumari minne inatosha. Mbele ubaki na bango la kuwakataza walio chini ya miaka 18, ambalo sheria inakudai hata sasa, na ukipenda karatasi nyeupe yenye majina na bei kwa kalamu, bila rangi. Maganda matupu yatupe. Kiberiti kifungue uzi, kikae ndani. Kama kabati ni la msambazaji, mwambie aje alichukue, na usikilize vizuri atakavyokujibu, kwa sababu ukimwona anabembeleza libaki, utajua lilikuwa linamfanyia nani kazi. Mwezi ukiisha, linganisha kurasa mbili.

Sasa kijana wako. Uliniandikia kana kwamba ni kichekesho, na najua mzazi hufurahi mtoto akiwa mwepesi. Lakini rudia kuisoma sentensi yako. Mtoto wa miaka 9, katika nyumba ambayo baba havuti wala mama havuti, anazijua pakiti zote kwa rangi. Hakuna aliyemfundisha. Amekaa tu na homuwaka yake mbele ya hiyo safu, jioni baada ya jioni. Mkataba ule niliokutajia, Kifungu cha 16, unazitaka nchi zizuie watoto kuuziwa tumbaku, na pia watoto wenyewe kuwa wauzaji. Kwa hiyo asikuuzie sigara, hata moja, hata kwa mteja mzima unayemjua, hata kama umeenda nyuma kuzima jiko. Mteja angoje. Na meza yake ya homuwaka igeuze, akae akiangalia upande wa unga na daftari, leso ikiwa nyuma yake.